Kuiondoa 05/03/24 kwenye mfumo wa kupokea asali, Tabora

Mfumo wa chama cha ushirika cha wafuga nyuki ulihifadhi tarehe kama maandishi matupu: 05/03/24. Kazi yangu ilikuwa kuzihamishia zote kwenye 2024-03-05, yaani ISO 8601, kiwango cha kimataifa cha kuandika tarehe kilichopo tangu 1988, huku mapokezi ya asali yakiendelea.

Nilianzia kwenye kuandika. Toleo jipya la programu ya simu hutuma muundo mpya tu, lakini seva inapokea miundo yote miwili. Simu za makarani wa mizani upande wa Sikonge hukaa siku kadhaa bila mtandao, kisha humwaga stakabadhi zote kwa mkupuo. Ukiwahi kufunga mlango, stakabadhi hizo zinakataliwa na karani anaanza upya. Kila muundo wa zamani unapoingia, seva inarekodi namba ya kituo na toleo la programu, kwa hiyo unajua nani wa kumpigia.

Kwenye hifadhidata niliongeza safu mpya ya aina ya tarehe, ile ya maandishi nikaiacha ilivyo. Usiifute hata ukiona imekamilisha kazi, maana ndiyo ushahidi pekee wa kilichoandikwa mwanzo.

Ugumu ulikuwa kwenye simu zilizowekwa Kiingereza cha Marekani, zinazotanguliza mwezi. Kwa mwaka kuna tarehe 132 zinazosomeka kwa namna mbili: 144 zenye siku ya 1 hadi 12, toa 12 za aina ya 04/04. Namba ya pili ikizidi 12 hata mara moja, simu hiyo inatanguliza mwezi, na stakabadhi zake nyingine za kipindi hicho zisomwe vivyo hivyo. Palipobaki utata nilifuata namba za stakabadhi. Iliyotangulia ikiwa ya 3 Juni na inayofuata ya 8 Juni, basi 06/07/23 iliyo katikati ni 7 Juni, si 6 Julai.

Tarehe za kuzaliwa ni balaa jingine. Python, lugha ya kuandikia programu, husoma mwaka wa tarakimu mbili 00 hadi 68 kama 2000 na kuendelea. MySQL, programu ya hifadhidata, inafika 69. Mwanachama aliyezaliwa "69" kwa Python ni mtu mzima, kwa MySQL hajazaliwa bado. Wa "48" hajazaliwa kwa zote mbili, na hao ndio wazee wetu wengi. Kanuni niliyoweka: mwaka wa kuzaliwa ukizidi mwaka wa kujiunga ukitoa 18, punguza 100. Excel nayo hufuata mpaka uliowekwa kwenye Windows, hivyo kompyuta mbili za ofisi moja zinaweza kutofautiana.

Excel hiyo hiyo ndiyo hurudisha muundo wa zamani kwa mlango wa nyuma. Mhasibu akifungua kwa Excel faili la CSV (jedwali la maandishi matupu) na kulihifadhi, tarehe zinageuka kufuata mipangilio ya kompyuta yake. Weka tarehe fupi ya Windows kuwa yyyy-MM-dd kwenye kila mashine inayogusa mafaili hayo.

Kwa wanaotumia JavaScript: saa zetu ziko mbele ya UTC, saa ya marejeo ya dunia, kwa saa tatu. Ukiunda tarehe 5 Machi 2024 saa sita usiku kisha ukaita toISOString, amri inayoandika tarehe kwa saa za UTC, unapata 2024-03-04T21:00. Siku imerudi nyuma moja! Tuma mwaka, mwezi na siku kama maandishi, usipitishe saa.

Stakabadhi ya karatasi sikuigusa sana. Mfugaji anaandikiwa "5 Machi 2024"; huo muundo wa kompyuta haumhusu.

Muundo wa zamani ulipokaa msimu mzima wa urinaji bila kuonekana kwenye rekodi za seva, niliufunga kwa ujumbe unaomwambia karani cha kufanya: "Tarehe haikupokelewa. Sasisha programu, kisha tuma tena." Stakabadhi inabaki kwenye simu mpaka ipokelewe. Msimbo wa kusoma muundo huo niliufuta baadaye, nikaacha jaribio moja linalohakikisha 05/03/24 inakataliwa.