Boksi la mwanga wa UV kwa taa za saluni
Natengeneza bodi za saketi za kielektroniki kwa filamu inayoganda ikipigwa na UV (miale ya urujuanimno) kupitia mchoro wa njia za umeme; isiyoganda huoshwa. Katikati ya bodi njia zilitoka safi, ila za pembeni filamu ilibanduka yote kwenye maji ya magadi soda. Huko mwanga haukutosha kuigandisha. Ninatumia taa za kukaushia kucha, zinazotoa UVA (aina ya UV) ya nanomita 365, wati 9 kila moja, Kariakoo zimejaa. Ili mwanga ufike sawasawa hadi pembeni, nilizipandisha hadi sentimita 15 juu ya bodi, nikabandika foili kuta zote za boksi, kisha kioo cha dirisha kikabana mchoro, upande wenye wino ukigusa bodi. Umbali ukiongezeka, muda nao lazima uongezeke: nilifunika kipande cha majaribio kwa kadibodi, nikiisogeza kila sekunde 30 ili kila sehemu ipate muda tofauti wa mwanga. Dakika tatu na nusu zilitosha. Mfuniko una swichi inayozima taa ukifunguliwa, maana UV siyo ya kuchungulia.