Siku Moja Juu ya Paa la Asbestosi

Saa kumi na moja alfajiri huwa nimekwisha kunyoa ndevu, kwa kuwa barakoa ya vichujio haishiki barabara kwenye uso wenye ndevu, na nyuzi za asbestosi, madini ya nyuzinyuzi yaliyochanganywa na saruji kutengeneza mabati ya zamani, hupita penye upenyo mdogo kabisa. Saa moja tuko shuleni, katika kijiji kimoja cha Kwale, kuliondoa paa la mabati hayo. Wanafunzi wako likizo ya Agosti. Kazi hii haifanywi wao wakiwepo. Tunazungusha utepe, tunatandika nailoni, tunavaa ovaroli na kupanda.

Watu hutuita wabomoaji, ilhali kuvunja ndiko tunakokuepuka. Kila bati hulowanishwa kwa maji yenye sabuni kidogo, skrubu hufunguliwa moja moja kwa mkono, kisha watu wawili hulishusha likiwa zima. Likimeguka, ukingoni huonekana vinyoya vyeupe kama vya pamba. Vumbi lake likiingia mapafuni, saratani yaweza kujitokeza baada ya miaka 20, 30 au hata zaidi.

Saa nne alifika mzee mmoja na mkokoteni, akitaka mabati kumi ya banda la mbuzi. Ilinibidi nishuke, nijifute kwa kitambaa kibichi na kuvua ovaroli ndani ya utepe, jambo lililonila nusu saa nzima. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, mwanangu. Paa hili nilisaidia kuliezeka mimi. Kwa nini mkalizike ardhini?" Nilimweleza kwamba kanuni za usimamizi wa taka zinaihesabu asbestosi kuwa taka hatari. Akaondoka. Saa sita akarudi na vijana wawili, tukaanza mazungumzo upya, na safari hii alinieleza jinsi yeye na wenzake walivyokuwa wakiyakata mabati hayo kwa msumeno walipoezeka, vumbi likiwajaa kama unga kinuni. Alikohoa mara mbili akisimulia. Nilimsihi aende hospitali apigwe picha ya kifua, na amwambie daktari habari za msumeno ule. Alikaa kimya chini ya mwembe, kisha akawaambia vijana waurudishe mkokoteni.

Mchana wote uliyeyuka katika joto la ovaroli. Tulifunga mabati kwa nailoni mara mbili na kuyabandika alama ya hatari, lakini lori lenye kibali, lililoahidiwa saa nane, halikutokea. Hatukuweza kuyaacha mabati karibu na uwanja ambako watoto huja kucheza jioni, basi tukayalinda kwa zamu, migongo ikituuma, hadi Magharibi ikapita. Lori lilipofika tuliyahesabu kwa tochi huku tukipakia: mabati 112, sawasawa na hati.