Tulivyomuaga Chui nyumbani kwetu Nanguruwe

Chui, mbwa wetu, alikufa nyumbani, juu ya mkeka wake chini ya mkorosho ulio nyuma ya jiko, kwa sindano niliyoiomba mimi. Naandika kwa sababu wakati ule nilitafuta mtu wa kunieleza jambo hili linafanyikaje huku kwetu Mtwara, na karibu kila niliyemuuliza alishangaa. Mbwa? Aitiwe daktari mpaka nyumbani? Mbwa mzee huku hupigwa rungu, au hutegewa sumu kwenye kipande cha nyama, au hupakiwa kwenye gari na kutelekezwa porini. Sikuwa tayari lolote kati ya hayo limpate mnyama aliyelinda shamba letu miaka 11.

Alikuwa jike, mwenye michirizi ya kahawia na nyeusi ndiyo maana akaitwa Chui. Mjomba ndiye aliyemtoa Newala akiwa mdogo wa kubebwa kwenye kapu. Katika uzee wake akatokewa na uvimbe kwenye chuchu za nyuma, kwanza mdogo kama korosho ghafi, halafu mwingine, halafu ukaungana. Daktari wa mifugo aliyekuja kutoka mjini alipapasa, akasikiliza mapafu kwa muda mrefu, akatueleza bila kutuficha. Kansa ya matiti huwapata sana majike ambao hawakutolewa kizazi. Kwa mbwa, karibu nusu ya uvimbe wa namna hiyo huwa ni kansa, na kansa hiyo hupenda kukimbilia mapafuni. Jike aliyetolewa kizazi kabla ya joto lake la kwanza, yaani kabla hajaanza kutaka dume, huepuka karibu hatari yote. Hilo nimewaambia wote ninaowafahamu wenye majike wachanga.

Chui alikuwa ameshaanza kukohoa. Daktari alinifundisha kuhesabu pumzi: mbwa aliyelala kwa utulivu hupumua chini ya mara 30 kwa dakika. Nikawa nakaa naye usiku, saa ya simu mkononi, nikitazama ubavu wake ukipanda na kushuka. Pumzi zilikuwa zinavuka 40 hata akiwa usingizini. Alinipa vidonge vya maumivu vya mbwa, akanikataza kabisa kumpa panadol au diklofenaki za watu, kwa sababu zinaweza kumuua mbwa kwa mateso, na watu wengi huzitoa kwa huruma tu.

Sasa uamuzi. Hapa ndipo palikuwa pagumu kuliko hata siku yenyewe.

Mama yangu alikuwa anamlisha dagaa mkononi, na Chui akila mama anasema, "Mbona yuko sawa, mwanangu? Mgonjwa wa kufa hali." Mimi nilikuwa namuona saa tisa za usiku, amesimama shingo ameinyoosha kwa sababu akilala pumzi hazitoshi. Sote wawili tulikuwa tunasema kweli. Daktari alituandikia kwenye karatasi maswali saba yaliyotungwa na daktari wa mifugo wa Marekani, Alice Villalobos: maumivu, chakula, maji, usafi, furaha, kutembea, na kama siku nzuri ni nyingi kuliko mbaya. Kila swali linapewa alama kuanzia 0 hadi 10, na jumla ikizidi 35 basi maisha ya mnyama bado yanavumilika. Kupumua kwa shida kunahesabiwa kwenye maumivu, tena kunapewa uzito wa kwanza. Tulikuwa tunayajibu jioni, mimi na mama na binti yangu, kila mmoja kwanza kimoyomoyo halafu kwa sauti. Binti alichora ukutani kwa mkaa, duara kwa siku nzuri na mstari kwa siku mbaya.

Sisemi namba ndizo zilizoamua. Kazi yake ilikuwa kutufanya tutazame mnyama yuleyule badala ya kila mtu kumtazama wa kwake. Kwenye swali la furaha mama mwenyewe ndiye aliyenyamaza. Zamani pikipiki ikikata kona ya barabara Chui alishakuwa langoni. Sasa aligeuza macho tu, kichwa kikabaki chini. Mistari ilipozidi maduara, mama akasema, "Haya. Muite huyo dokta wako."

Mjomba alikuwa bado. Kwetu neno la mjomba si la kupita pembeni, nikaenda kwake na kumweleza. Akasema mnyama ni wa Mungu, aachwe aende kwa saa yake. Nikamjibu, "Mjomba, shikamoo yako naiheshimu, lakini njoo ulale kwetu usiku mmoja." Akaja. Asubuhi hakuzungumza habari ya Mungu tena, aliuliza shimo litachimbwa wapi.

Jirani yetu ni mwalimu wa madrasa, mtu wa makamo, na kwa mujibu wa dini yake mate ya mbwa ni najisi, kwa hiyo sikutegemea lolote kutoka kwake. Yeye ndiye aliyenikumbusha hadithi ya Mtume kuhusu mtu aliyeshuka kisimani akajaza maji kiatu chake, akamnywesha mbwa mwenye kiu, na Mungu akamsamehe. Kisha akafanya jambo ambalo mkulima wa korosho ataelewa uzito wake. Ulikuwa msimu wa kupulizia salfa, dawa ya unga ya kukinga mikorosho na ukungu, na salfa hupuliziwa alfajiri, umande ukiwa bado kwenye majani na upepo haujaamka. Alfajiri hiyo moja ni mali. Aliahidi kwamba siku daktari akija hatawasha mashine, ili vumbi lisimwingie Chui kifuani.

Kumpata daktari nilianzia kwa bwana mifugo wa kata. Yeye alinieleza kuwa kazi hii si ya kila mtu mwenye sindano, ni ya daktari aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari, akanipa namba. Nilipopiga, swali la kwanza la daktari halikuwa nani atalipa. Aliuliza: katika siku 10 zilizopita, Chui amemng'ata mtu yeyote? Amebadilika tabia, anatokwa mate, sauti imekwama? Kadi ya chanjo ipo? Mbwa aliyeng'ata mtu haondolewi tu hivi hivi, huwekwa chini ya uangalizi siku 10 kwa ajili ya kichaa cha mbwa, na mtu aliyeng'atwa anapelekwa hospitali akaanze sindano bila kusubiri. Kadi tulikuwa nayo. Mikoa yetu ya Lindi na Mtwara ilipitiwa na kampeni kubwa za chanjo ya kichaa cha mbwa, na wengi tulijifunza kutunza kadi wakati ule.

Mimi nami nilimuuliza maswali yangu, na haya ningemshauri yeyote ayaulize. Je, atampa kwanza dawa ya kumlaza kabla ya ile ya mwisho? Dawa ya mwisho ni ipi? Nitaruhusiwa kumshika? Alijibu yote. Kwanza nusukaputi kwenye nyama ya paja, mpaka asihisi chochote. Kisha pentobabitali kwenye mshipa, dozi kubwa kupita kiasi, ambayo huzima ubongo kwanza, halafu pumzi, halafu moyo. Ni dawa inayodhibitiwa, haiuzwi dukani, kwa hiyo ilibidi aiagize Dar es Salaam na sisi tusubiri basi. Gharama tulikubaliana kwenye simu, dawa, kazi na mafuta ya pikipiki, nikatuma kwa simu siku moja kabla. Nashukuru nilifanya hivyo. Sikutaka kuhesabu noti mbele ya Chui aliyelala.

Alisema pia kuwa dawa ya kumlaza huwatapisha mbwa wengi, kwa hiyo karamu ya kuaga tuifanye jioni. Mama alimpikia ugali wa muhogo na mchuzi wa changu, akautoa miiba yote kwa vidole. Alikula kidogo, akalamba mkono wa mama muda mrefu.

Asubuhi ilikuwa kimya. Huko kwa mwalimu mashine haikulia. Daktari alizima pikipiki barabarani akaisukuma hadi uani, ili Chui asihangaike kuinuka. Kabla ya kufungua begi alikaa chini kwenye mchanga, akatueleza tutakachokiona. Macho hayatafumba, yatabaki wazi, wala haina maana kwamba anatuona. Huenda akavuta pumzi kubwa moja au mbili baada ya moyo kusimama, misuli ikachezacheza, mkojo ukatoka. Hayo ni mwili tu, mwenyewe hayupo tena. Maelezo hayo mafupi ndiyo yaliyonisaidia kuliko yote. Kila kilichotokea baadaye nilikuwa nimeshakisikia.

Sindano ya paja aliguna kidogo, basi. Alitapika povu, nikamfuta, akaweka kichwa mapajani kwangu. Binti yangu alimsugua nyuma ya sikio mpaka akaanza kukoroma. Kwa mara ya kwanza tangu ugonjwa uzidi tulimuona amelala ubavu, amenyoosha miguu. Hapo binti alikuwa na hiari: akae au aondoke. Alichagua kwenda na bibi yake mpaka kisimani, nikamwambia amechagua vyema, kama ambavyo ningemwambia lau angekaa.

Daktari alimgusa jicho na kumbana ukucha kuona kama anahisi. Hakuhisi. Akanyoa manyoya kidogo kwenye mguu wa mbele, akaweka kanula, mrija mwembamba wa kupitishia dawa mshipani, akaifunga kwa plasta, akapitisha maji kwanza kuhakikisha mshipa umeshika. Akanitazama. Nikatikisa kichwa kukubali. Nilimwita Chui kwa jina, nikamwambia korosho ziko salama, akapumzike. Dawa ilikuwa haijaisha kwenye bomba pumzi zikatulia, zikasimama. Alivuta moja kubwa baadaye, na nilijua ni nini. Daktari alisikiliza kifua kwa muda mrefu sana, akahamisha chombo, akasikiliza tena. "Moyo umesimama, dada. Pole."

Mjomba, aliyesema aachwe aende kwa saa yake, ndiye aliyemfumba macho. Yalifunguka tena, akayaacha.

Kazi ya mikono ilifuata, na ni vizuri kuijua mapema. Mwili unapaswa kukunjwa ukiwa bado laini, miguu ikusanywe kama mbwa aliyejikunja kulala, kwa sababu baada ya saa chache hukakamaa na shimo halitatosha. Tulimfunga kanga, si mfuko wa nailoni. Kabla ya kumfunika tulimleta mbwa wetu mdogo amnuse. Alinusa, akazunguka, akaenda kulala mbali kidogo. Hakumtafuta siku zilizofuata, nami naamini kule kunusa kulimsaidia.

Shimo lilitakiwa liwe zaidi ya mita moja na mbali na kisima. Sababu si heshima peke yake. Pentobabitali hubaki mwilini mwa mnyama aliyekufa, na fisi, kunguru, tai au mbwa wa jirani akimfukua akala, naye anaweza kufa. Udongo wa Nanguruwe wa kichanga huchimbika haraka na hufukulika haraka vilevile. Mjomba alichimba na mtoto wa mwalimu wa madrasa, aliyetumwa na baba yake aje na sepetu. Walipofika kifuani mwa kijana, daktari akasema inatosha. Juu tuliweka mawe na matawi ya miiba.

Mama alitaka tumwambie binti kwamba Chui amelala. Nilimwomba tusifanye hivyo, kwa sababu mtoto anayeambiwa kifo ni usingizi anaweza kuogopa kulala mwenyewe. Nilimwambia: Chui alikuwa na kansa, haiponi, pumzi zilimwishia, daktari amempa dawa ya kumkomesha maumivu na sasa amekufa, hatarudi. Alilia sana, akauliza kama bibi akiumwa naye ataitiwa daktari huyo. Nikamjibu kwamba hapana, dawa hii ni ya wanyama, watu wanatibiwa kwa njia nyingine. Aliuliza tena siku nyingine, nikajibu vilevile.

Nami nililia, na nilipewa pole kama ya msiba na watu ambao sikutarajia. Wengine walinisema kwamba nimetupa hela kwa ajili ya mbwa. Sikuwajibu. Walioziona usiku pumzi zile hawakuniuliza.

Juzi alinijia mzee wa shamba la jirani, mbwa wake ana kidonda kinywani ambacho daktari amesema ni kansa na hakitapona. Aliuliza mambo kwa kuzungukazunguka, mpaka nikamsaidia kufika. Nilimpa namba, na karatasi ya maswali saba nikamnakilia. Nikamwambia ampigie daktari sasa, mbwa akiwa bado anakula, maana dawa yenyewe inatoka Dar na basi linaweza kuchukua siku yake.