Siku Yangu ya Kazi, Nikiwa na Usonji na ADHD

Saa 11:30 alfajiri. Nameza kidonge kabla sijatoka kitandani, kisha nasubiri kianze kazi. Ni methilifenideti, ile aina inayotoka kidogo kidogo mwilini kwa saa kadhaa. Huongeza dopamini na noradrenalini, kemikali zinazopeleka ujumbe kwenye ubongo. Bila hiyo naweza kuutazama mswaki, nikijua kabisa natakiwa kuushika, na mkono usiende. Hiyo ni kwa ajili ya ADHD tu, hali inayofanya iwe vigumu kutuliza akili, kuanza jambo na kulimaliza. Usonji, yaani tofauti ya ubongo katika namna ya kuhisi vitu na kuwasiliana na watu, hauna kidonge, wala mimi sikitafuti.

Jambo ambalo sikulitarajia ni kwamba dawa ikituliza upande mmoja, wa pili hujitokeza zaidi. Mbio za kichwani zikipungua, ndipo ninapousikia mlio wa friji, na mshono wa soksi vidoleni.

Saa 12:15. Kuoga, kuvaa, kula, kufungasha mkoba. Mpangilio haubadiliki, na ukivurugwa siku nzima huenda upogo. Orodha nimeibandika mlangoni, lakini baada ya muda macho huizoea na kuacha kuiona kabisa. Kwa hiyo hatua nimeziacha zilezile, ila karatasi naibadilisha rangi na kuihamisha mahali. Hivi ndivyo ninavyoishi na hali hizi mbili: moja inadai kila kitu kiwe kama jana, nyingine inachoshwa na jana. Ushauri ulioandikwa kwa ajili ya hali moja tu mara nyingi huiumiza ile ya pili.

Saa 2:00 asubuhi. Ofisini. Mimi ni mhasibu. Navaa vizuia kelele, nazima taa iliyo juu ya meza yangu, naanza kulinganisha leja na taarifa ya benki.

Saa 3:00 hadi saa 6:00. Hizi ndizo saa ninazozipenda. Namba zinajipanga, na palipo na tofauti jicho hunasa kabla sijaitafuta. Tatizo ni kwamba nikizama hivi, kiu, njaa na haja ndogo hazinifikii. Mwili unapiga hodi na hakuna anayefungua. Simu ndiyo inayonikumbusha kunywa maji na kwenda msalani, na nimejizoeza kuitii papo hapo, kwa sababu nikisema "kidogo tu" saa nzima hupita.

Nilipimwa nikiwa mtu mzima, na swali ninaloulizwa kila mara ni mbona hakuna aliyegundua mapema. Sehemu ya jibu ni kwamba mwongozo wa Marekani wa kutambua matatizo ya akili, katika toleo la 1994, haukuruhusu mtu mwenye usonji apewe pia utambuzi wa ADHD. Ruhusa ilikuja mwaka 2013, na toleo la tano. Sisi tuliokua kabla ya hapo tulipewa jina moja, au hatukupewa lolote. Tena hali hizi hufichana. Utaratibu wangu mkali ulifunika usahaulifu, na uchangamfu wangu ukawafanya watu waseme huyu hawezi kuwa na usonji. Shuleni niliambiwa akili ninazo ila ni mvivu. Nilikuwa mtoto aliyejitahidi mpaka akaumwa kichwa, na bado inaniuma kwamba hakuna aliyeliona hilo.

Saa 6:00 mchana. Kikao. Nimemwomba mkuu wangu anitumie ajenda mapema na kuniandikia maagizo baadaye, naye amekubali. Mfukoni nina kamba fupi. Nafunga na kufungua mafundo chini ya meza, na ndipo ninapoweza kusikiliza. Zamani nilikaa nimetulia tuli nikimkazia macho anayezungumza, na sikubaki na hata neno moja. Bado hutokea nikamkatiza mtu kwa sababu wazo litapotea nisipolisema, kisha nikairudia sentensi ile kichwani alasiri yote. Mtafiti Damian Milton, mwenye usonji yeye mwenyewe, alieleza mwaka 2012 kwamba kutoelewana kati yetu na wengine ni kwa pande mbili. Maelezo hayo yamenisaidia kuliko mafunzo yoyote ya kutabasamu.

Saa 9:00 alasiri. Dawa inaisha nguvu. Mwenzangu mmoja huja na kazi yake kukaa meza ya pili, bila mazungumzo. Sijui kwa nini kuwepo kwake tu kunanisogeza, lakini ankara huisha.

Saa 11:30 jioni. Nyumbani, chumbani, pazia limefungwa. Dada yangu ninayeishi naye anajua asinisemeshe kwanza. Alizoea kudhani nimemkasirikia. Tangu nipate majibu ananiacha, na nikitoka nakuwa mtu wa kuzungumza naye kweli.

Saa 2:00 usiku. Mafundo, safari hii kwa kujifurahisha. Nimeshapenda mambo mengi na kuyaacha katikati, ila hili limedumu, kwa kuwa kila fundo ni jipya na kanuni ni zilezile.

Saa 5:00 usiku. Usingizi huchelewa, kama kwa wengi wenye hali hizi. Kabla ya kulala naandika kazi ya kwanza ya kesho. Nikiandika "maliza hesabu" sitaanza. Naandika "fungua faili la mauzo, nenda mstari wa juu."