Jinsi nilivyoipatanisha mishale ya mkole na upinde wangu

Mishale ikitawanyika kwenye shabaha, mtu hulaumu upinde kwanza, halafu mkono wake. Kwangu tatizo lilikuwa kwenye mawano, ile miti ya mishale. Kila mmoja ulikuwa na uzito wake na ugumu wake, na upinde mmoja hauwezi kuirusha yote mahali pamoja hata ukishikwa na fundi wa namna gani.

Upinde wangu ni wa mti mmoja, kazi ya babu mmoja Msandawe wa upande wa Kwa Mtoro, wilayani Chemba. Ukiuvuta hadi mkono ufike shavuni, uzito wa kuuvuta ni kama kilo 18, yaani ratili 40. Nautumia kulenga shabaha tu: kiroba kilichoshindiliwa nyasi, mita 20. Kuwinda ni habari nyingine. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 inadai kibali hata kama silaha yako ni mshale, na sitaki kijana yeyote asome haya akaingia porini.

Mawano nilikata ya mkole, kiangazi, wakati mti hauna maji mengi. Nilichagua fito nyembamba kuliko kidole cha mwisho, nikazifunga fungu moja la kukaza na kulining'iniza chini ya paa. Hewa ya Dodoma ni kavu, inakausha bila shida. Jua kali ndilo linalopasua, kwa hiyo ganda niliacha mpaka zikauke. Kisha nikazimenya na kuzinyoosha. Sehemu iliyopinda unaipaka mafuta, unaipasha juu ya makaa, siyo kwenye mwali, halafu unaikunja kupita kidogo upande wa pili na kuishikilia hadi ipoe kabisa. Ukiiachia ingali moto inarudi ilikotoka. Babu aliniambia, "Mjukuu wangu, usishindane na mti. Leo ukunje kidogo, kesho kidogo." Nilifuata hivyo, na mawano yaliyovunjika yalikuwa machache.

Sasa kwenye ugumu, ambako ndiko siri yote ilikokuwa. Mshale ukitulia kwenye upinde wa kienyeji, ncha yake haielekei shabaha sawasawa, maana unapita ubavuni mwa mti. Ugwe, yaani kamba ya upinde, unapoachiwa unausukuma mshale kwa nguvu kutoka nyuma, nao unajikunja, unauzunguka mti wa upinde, halafu unajikunja upande wa pili, hivyo hivyo mpaka utulie hewani. Ukiwa mgumu mno haujikunji vya kutosha, na kwa mtu anayevuta kwa mkono wa kulia utaangukia kushoto. Ukiwa laini mno utaangukia kulia. Nilipolielewa hilo, mishale iliyokuwa ikinitia hasira ilianza kunipa habari.

Kupima ugumu hakuhitaji mtambo. Nilipigilia misumari miwili ukutani, sentimita 66 kutoka mmoja hadi mwingine, nikalaza wano juu yake. Katikati nikatundika chupa yenye maji mililita 900, ambayo ni karibu sana na zile ratili mbili wanazotumia mafundi wa mishale ya mbao. Nyuma yake nimebandika rula ya shule, nasoma wano limeshuka milimita ngapi. Hesabu yao ni kugawa 26 kwa inchi ambazo wano limeshuka, na jibu ni ratili za upinde unaolifaa wano hilo. Kwa ratili 40 ni milimita 16 na nusu. Ila hesabu hiyo ni ya upinde uliochongwa pa kupitishia mshale karibu na katikati. Wangu hauna, na ulipenda mawano laini kidogo, ya milimita 18 hadi 19. Zungusha wano ulipime pande zote, kwa sababu mti wa porini haulingani kila upande.

Baada ya hapo nilikwenda na fungu langu kwa sonara, akanipimia kwenye mizani ya dhahabu. Niliweka pamoja yale ya gramu 30, nikivumilia tofauti ya gramu moja tu.

Jaribio lenyewe nililifanya kwa mishale isiyo na manyoya, kutoka karibu, kama mita nane. Manyoya huficha kasoro, ndiyo maana nawashauri wenzangu waanze bila hayo. Uliokwenda kushoto niliuwekea kigumba, yaani ncha ya mshale, kizito zaidi, ukalainika. Uliokwenda kulia niliufupisha nusu sentimita, nikajaribu tena. Kitu kimoja kwa wakati: ukibadili kigumba na urefu siku moja, hutajua kilichosaidia ni kipi.

Manyoya nilipata kwa mfugaji wa bata mzinga. Matatu kwa kila mshale, yote ya bawa la upande mmoja, kwa kuwa ya kulia na ya kushoto yamepinda kinyume na yatagombana hewani. Nayafunga kwa uzi mwembamba na gundi.

Upepo wetu wa mchana unasumbua, hivyo majaribio yote nafanya asubuhi mapema. Leo mishale yangu bora inakaa ndani ya upana wa kiganja. Kila mmoja una namba, na namba inayokwenda pembeni siku tatu tofauti inatoka kwenye podo, mfuko wa mishale, hata kama ni nzuri kwa macho. Mvua zikianza Desemba mkole hunywa unyevu na kupinda, kwa hiyo naipaka nta ya nyuki, na kabla ya kuitumia tena inarudi kwenye misumari miwili na chupa ya maji.