Nilivyoacha kuchanganya "on the contrary" na "on the other hand"

Nafanya kazi kwenye ofisi ya utalii hapa Arusha, na kazi yangu kubwa ni kujibu imeili za wageni. Wanauliza bei, wanauliza hifadhi ipi waende, mvua inanyesha lini, mi nakaa kwenye kompyuta kuanzia saa mbili asubuhi naandika Kiingereza mpaka jioni. Kiingereza chenyewe ni cha shule, yaani la kwanza mpaka la saba nimesoma kwa Kiswahili, kidato cha kwanza ghafla masomo yote Kiingereza, na huko ndo nilikolibebea hili neno "on the contrary". Kwenye dibeti ukiwa upande wa wapingaji unasimama, unaanza nalo, darasa zima makofi. Basi likanikaa kichwani kwamba maana yake ni "kwa upande mwingine", na "on the other hand" nayo hivyo hivyo, kwahiyo nikawa nabadilisha tu, leo hili kesho lile, ili barua isirudie neno moja.

Mwaka juzi kuna mama mmoja wa Uingereza, mwalimu mstaafu, alitaka kuja na mumewe mwezi wa tisa. Wana siku nne tu, anauliza waende Tarangire au Serengeti. Nikamjibu, na sentensi naikumbuka mpaka leo maana baadae niliisoma mara nyingi sana: "Tarangire is very good for elephants in September. On the contrary, Serengeti has the big migration." Nikaona iko sawa kabisa, nikatuma.

Kesho yake jibu likaja, kwa upole tu, anauliza sasa tembo Tarangire wapo au hawapo? Kwake yeye ilisomeka kama nimesema jambo halafu nikalikataa palepale. Nikakaa na ile imeili muda mrefu, sioni hiyo "hawapo" kaitoa wapi. Na iliniuma kwasababu mtu anaamua atalala wapi siku nne kwa hela aliyoidunduliza, mi nimemtia wasiwasi kwa neno moja.

Pale ofisini kuna dada ametutangulia sana kwenye hii kazi, nikampelekea. "Dada, naomba uniangalizie hapa, nimekosea nini?" Akasoma, akasema, "Hebu nisomee kwa Kiswahili, ila hapo kwenye on the contrary weka la hasha." Nikasoma kwa sauti: Tarangire ni pazuri sana kwa tembo mwezi wa tisa. La hasha! Serengeti kuna nyumbu wanaohama.

Aisee. Hata sikumaliza, nikajua.

La hasha inakataa, haiwezi kukaa hewani bila kitu cha kukataliwa. Lazima kuna mtu kasema jambo, au kuna dhana watu wanayo, wewe unasema sivyo kabisa, ni kinyume chake. Au umeanza mwenyewe na sentensi ya kukanusha halafu unasogeza mbele, kama vile "The walk is not dangerous; on the contrary, it is very safe." Hapo ni sawasawa na kusema si hatari, bali ni salama sana. Ukiona hakuna kinachokanushwa, sentensi ya kwanza inasema ndiyo na ya pili pia inasema ndiyo, basi on the contrary haina kazi hapo, iondoe. Tembo wapo Tarangire, kweli. Nyumbu wapo Serengeti, kweli. Hakuna aliyemkataa mwenzake, kwahiyo hapo ilitakiwa "on the other hand".

Na hii ya pili nilikuja kuielewa kupitia mkono wenyewe. Si tunaelekezana hivi, ukifika pale sheli shika mkono wa kushoto, duka liko mkono wa kulia? Mkono hapo ni upande wa njia. Kiingereza nacho hapo mkono ni upande tu, umesimama kwenye njia moja unaangalia kushoto, halafu unaangalia kulia. Njia ni moja! Hapo ndo nilikuwa napotea mara ya pili, maana sisi tukitaka kuhama mada tunasema "kwa upande wa chakula", "kwa upande wa malipo", na mimi nilikuwa nachukua hiyo naigeuza kuwa on the other hand, yaani naeleza gari, halafu "on the other hand, lunch is included". Gari na chakula cha mchana havipingani kwa lolote. Siku hizi nikihama mada naanza tu aya mpya, naandika "As for lunch", inatosha.

Vitu vidogo vidogo nilivyokusanya baada ya hapo: ni "on", sio "in the other hand", ukiandika in mtu anafikiria umeshika kitu mkononi. Sio lazima utangulize "on the one hand", ila ukiitanguliza, mi naiandika na "the" yake, ingawa wapo wanaoandika "on one hand". Na inakaa vizuri sana katikati, baada ya kile unacholinganisha, na mkato huku na huku: "Serengeti, on the other hand, is a long drive." Halafu "although" ukishaiweka, "but" usiiweke, kwetu ingawa na lakini zinakaa sentensi moja bila shida ila kwao moja inatosha.

Yule mama nilimwandikia upya siku ileile. Nikamwambia tembo wapo, mwezi wa tisa ni kiangazi wanajazana mtoni, na Tarangire ni kama saa mbili tu kwa gari. Serengeti, on the other hand, ina nyumbu, ila mwezi huo wako mbali kaskazini, siku nne zitaishia barabarani. Akajibu amechagua Tarangire.

Nikawa na kazi ya kusoma kila imeili kwa Kiswahili kimoyomoyo kabla sijatuma, kama miezi miwili mitatu hivi, mpaka ikawa mazoea. On the contrary ikapotea kabisa kwenye barua zangu, kumbe mahali pake ni pachache. Mpaka mwaka huu kuna mgeni akaandika kwamba amesikia mwezi wa nne ni mbaya kabisa, mvua tupu, hamna cha kuona. Nikajiuliza, la hasha inakaa? Inakaa! Nikaandika: "On the contrary, April is beautiful. The parks are green, there are few cars and the prices are lower. On the other hand, some roads get very muddy and some camps close." Ya kwanza inamkatalia, ya pili inampa upande mwingine wa njia ileile, zote kwenye aya moja. Nikamwita dada aje asome. Akasoma mpaka mwisho, akasema, "Tuma."