Siku moja, ukuta mmoja: maisha ya fundi wa kuandika matangazo

Saa 11 alfajiri nachanganya rangi uani, Kihonda, Morogoro. Upepo bado umelala na vumbi halijaanza kuruka. Mimi ni fundi wa kuandika kuta. Yale maduka ya kando ya barabara yaliyopakwa rangi ya kampuni ya simu, ya soda au ya sabuni kuanzia msingi hadi chini ya bati, hayakutoka kwenye mashine. Yameandikwa kwa mkono, na mengi kati ya Msamvu na Dumila yameandikwa na huu wangu. Watu wakimwona mwanamke juu ya ngazi na ndoo ya rangi wanadhani nimekosa kazi nyingine. Hii ndiyo kazi niliyoichagua.

Kabla sijatoka nakagua fulana. Kabati langu limejaa fulana za promosheni, na kuvaa ya mpinzani kwenye ukuta wa mteja ni kosa kubwa. Picha ikifika ofisini, umeondolewa. Mwenzangu mmoja alirudishwa nyumbani hivyohivyo, brashi mkononi. Leo nimevaa nyeupe isiyo na neno.

Saa 12 na nusu niko kituoni na kijana wangu wa kunisaidia: ndoo tatu, rola, brashi, futi kamba, uzi wa chaki, ngazi. Kondakta ameitoza ngazi nauli ya abiria mzima.

Saa 2 hadi saa 4 ni kukwangua rangi ya zamani: brashi ya waya, msasa, kisha praima, ile rangi ya msingi.

Kukwangua kuna raha yake. Nilianza kazi mwaka 2008, na kazi yangu ya kwanza kabisa ilikuwa kufuta jina: Celtel ilikuwa imegeuka Zain. Miaka miwili baadaye nikarudi kwenye kuta zilezile kuifuta Zain na kuandika Airtel. Mwaka 2011 Vodacom wakaacha bluu wakaingia kwenye nyekundu, na vibanda vya mawakala vikabadilika sura ndani ya muda mfupi. Novemba 2024 Tigo ikawa Yas, tukabeba ndoo za njano. Ukichimba kwa ukucha kwenye ukuta wa zamani, biashara ya simu ya nchi hii inakutokea tabaka kwa tabaka. Kampuni inapobadilisha jina, mkutano na waandishi wa habari unafanyika siku moja mjini. Kazi ya kumfanya bibi wa Dumila aamini kwamba ni walewale inafanyika ukutani, kwa miezi.

Bibi huyo anaamini rangi kabla ya jina. Abiria wa basi hasomi, anaona. Soda mbili za rangi moja ndani ya glasi, Coca-Cola na Pepsi, zimejitenga kwa nyekundu na bluu, na mtoto asiyejua herufi anakuonyesha duka la ipi kutoka ng'ambo ya barabara. Ndiyo maana sichanganyi kwa kukisia. Nyekundu ni rangi ngumu: haifuniki vizuri, inataka koti tatu, yaani kupakwa mara tatu, na jua huigeuza ya waridi kabla ya rangi nyingine yoyote. Kampuni ya nyekundu iliyopauka inaonekana kama imefilisika, hata kama benki imejaa. Vodacom na Airtel wote wako kwenye nyekundu, hivyo fundi akikosea kivuli au akikosea alama nyeupe, amempeleka mteja dirisha la jirani.

Mteja wa leo ni sabuni ya unga. Jina nitaliacha, kwa sababu ya yaliyofuata.

Saa 4 na robo praima imekauka, nimevuta uzi wa chaki, nimegawa miraba, nimeanza koti ya kwanza kwenye ukuta wa mita 6 kwa 3. Nyuma yangu nasikia mkongojo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nani kakuruhusu?"

Nikamwonyesha karatasi. Mwenye duka amesaini, wakala wa matangazo amesaini, kibali cha halmashauri kipo. Mzee akaisoma yote kwa utulivu, akanirudishia.

"Huyu kijana ni mpangaji wangu. Amepanga chumba, hakupanga ukuta."

Nikashuka kwenye ngazi, kwa sababu mzee akisema neno lenye uzito huwezi kumjibu ukiwa juu yake. Mwenye duka akatoka, akaanza kueleza kwamba ameahidiwa katoni mbili za sabuni na bango la jina la duka. Mzee akamwambia anyamaze. Akanigeukia mimi, na alichosema bado nimekibeba: "Mwanangu, wewe unalipwa. Huyu kapewa sabuni. Kampuni itaonekana na kila basi linalokwenda Dodoma. Nyumba niliijenga mimi mwaka 1989, barabara ilinikuta hapa. Mimi napata nini?"

Nilikosa jibu, maana alikuwa sahihi. Kampuni haikumfuata kijana kwa uzuri wa duka lake. Ilifuata ukuta: unatazama barabara kwenye kona ambapo magari hupunguza mwendo, hauna mti mbele, na jua la asubuhi linaupiga usoni. Sifa hizo zote ni za mzee.

Nikampigia ofisa wa wakala. "Nipe dakika kumi, nakupigia." Saa 5 hajapiga. Saa 5 na nusu nikapiga tena, akasema yuko kikaoni, niendelee na kazi. Niendelee vipi, na mwenye nyumba amevuta kigoda amekaa chini ya ngazi yangu? Rangi ndani ya trei ikaanza kuvuta ngozi juu. Nikaongeza tina kidogo, ikawa nyepesi. Kijana wangu akalala chini ya mwembe. Saa 6 jua likasimama utosini na ukuta ukawa unachoma kama kikaango. Koti ya pili ukiipaka kwenye ukuta wa hivyo inatoa malengelenge, kwa hiyo hata mzee angeruhusu dakika ile nisingeweza kupaka. Ofisa akapiga saa 7 kasoro, sauti ya mtu aliyekula. Akasema mzee asidai fedha, kwa sababu tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria mwaka 2024 wasafiri wa barabarani wamepungua na ukuta umeshuka thamani. Nilimwuliza kama yeye atakuja kumwambia mzee maneno hayo. Akasema nitumie busara.

Busara yangu ilikuwa hii. Nilikaa chini karibu na kigoda cha mzee nikamwuliza anataka nini hasa. Akafikiri. Fedha akazitaja, lakini hakukaa nazo sana. Alitaka kuta tatu zilizobaki zipakwe rangi, zisionekane kama nyumba iliyovaa shati bila suruali. Na ubavuni, upande wa njia ya miguu, niandike NYUMBA HII HAIUZWI. Matapeli walishaleta wateja mara mbili wakati yeye yuko hospitali.

Nikahesabu rangi. Kwa koti moja, inatosha. Nikakubali, bila kumwuliza ofisa.

Saa 8 na nusu ndipo siku ikaanza upya, na mwili ulikuwa umeshakwisha. Kijana akachukua rola na kuta tatu za mzee, mimi nikabaki na herufi.

Herufi ndiyo heshima yangu. Jina la bidhaa lina mkunjo wake, na ukilegeza mkunjo mmoja tu jina zima linakuwa la mtu mwingine. Mwandiko wa Coca-Cola ulianza na mkono wa mtu, Frank Robinson, mtunza hesabu, mwaka 1886. Tangazo lao la kwanza la ukutani lilipakwa mwaka 1894 kwenye duka la dawa, mji wa Cartersville, Georgia. Kazi hiyo ilianzia kwa mtu mwenye ndoo kama yangu, na nikiwa nimeshika pumzi ili mkono usitikisike namkumbuka.

Kilichoniuma leo ni kaulimbiu. Imetafsiriwa neno kwa neno na haisemeki mdomoni. Niliomba wabadilishe neno moja, wakakataa. Kaulimbiu zinazokaa ni zile zinazotoka kama sauti ya jirani. TTCL, kampuni ya simu ya serikali, walipoandika "Rudi nyumbani kumenoga", walikuwa wanamwita mtu aliyehamia mitandao mingine, na "kumenoga" likafanya kazi ambayo aya nzima ya bei isingeifanya. Vodacom walipoleta "Kazi ni kwako", watu wakalichukua wakaanza kuambiana mtaani. Yangu ya leo nimeiandika kwa mkono wangu mzuri kabisa, na sidhani kuna atakayeirudia.

Sikumbuki saa vizuri baada ya hapo. Bega la kulia lilikufa ganzi, nikahamia la kushoto kwa mistari minyoofu. Mabasi ya jioni yalipita, abiria wakageuza shingo. Niligeuka kila mara kuwatazama, kwa sababu ile shingo kugeuka ndiyo bidhaa ninayoiuza.

Giza lilipokaribia akaja binti wa shule, kashika noti. "Naomba omo ya mia tano." Mwenye duka akampa pakiti ya sabuni ileile niliyokuwa naiandika juu ya kichwa chake. Binti akaipokea, akamwambia ahsante, akaondoka na omo yake. Hapa sabuni yoyote ya unga ni omo, kama dawa yoyote ya viatu ilivyo kiwi. Nilisimama kwenye ngazi nikatazama yale majina mawili, la ukutani lenye urefu wa mita moja na la mdomoni mwa mtoto. Nitarudi kupaka upya ukuta huu mara ngapi?

Ofisa alitaka picha kabla ya saa 1. Nikapiga ya mbele tu. Malipo, akasema, ni siku 60.

Ubavu wa nyumba niliuandika mwisho, kwa tochi ya simu ya mzee, bila uzi wala futi, kwa rangi iliyobaki chini ya ndoo. Alikuwa anataja kila herufi kabla sijaiandika. Nilipofika kwenye Z brashi ilikauka. Nikakwangua ukingo wa ndoo kwa kidole, nikamalizia W na I kwa hicho kidole, mzee akasogeza tochi karibu.